Nairobi, Kampala au Kigali? Kuchagua Miji kwa Likizo ya Siku Tisa

Mwajiriwa akiomba likizo ya siku tano za kazi na kuibana katikati ya wikendi mbili, anapata siku tisa. Na kwa siku tisa hizo, watu wengi wa Dar huandika orodha ileile: Nairobi, Kampala, Kigali, na mfuko ukiruhusu, Mombasa wakati wa kurudi. Kwenye ramani inapendeza. Barabarani ni balaa.

Tuanze na saa, maana ndizo zinazoamua kabla hata ya hoteli. Basi la Dar hadi Nairobi kupitia Namanga hula saa kumi na nne hadi kumi na sita, mradi mpakani kusiwe na foleni. Nairobi hadi Kampala, kwa njia ya Busia au Malaba, ni kama kilomita 650: usiku mzima na kipande cha asubuhi. Kampala hadi Kigali ni kama kilomita 500, na kwa kuwa njia inapanda na kushuka milima ya Kabale, weka saa tisa au kumi. Halafu kuna kurudi. Kigali hadi Dar kupitia Rusumo ni zaidi ya siku nzima kitini. Jumlisha mwenyewe: karibu siku nne kati ya tisa zimeishia ndani ya basi, na moja zaidi umelala mchana kwa uchovu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni miji miwili. Uingie mmoja kwa ndege, utoke mwingine kwa ndege, na katikati upande basi la mchana. Tena miji hiyo isifanane yenyewe kwa yenyewe, wala isifanane na kwenu. Kwa mtu wa Dar hiyo ni Kampala na Kigali. Nairobi naiacha, ila si kwa kila mtu, kwa hiyo tuanze nayo.

Nairobi: kwa wenye watoto, na kwa watu wa Arusha

Nairobi si mji mbaya kutembelea. Tatizo ni kwamba mtu wa Dar anaujua nusu kabla hajafika: maghorofa, foleni, maduka makubwa ya ghorofa nyingi, mziki kwenye matatu, na lugha anaielewa hata Sheng ikimpiga chenga hapa na pale. Ukienda kwa ajili ya "kuona mji" tu, siku ya pili utajikuta umekaa kwenye mgahawa unaofanana na wa Masaki, unalipa zaidi.

Ila ina jambo moja ambalo Kampala na Kigali hazina. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa 1946, ina kilomita za mraba 117 na iko pua na mdomo na katikati ya jiji. Unamwona kifaru anakula majani, nyuma yake maghorofa. Mpango mzuri wa siku moja ni huu: ingia hifadhini geti likifunguliwa alfajiri, kabla jua halijawapeleka simba kivulini. Saa tano uwe kituo cha Sheldrick, ambako tembo yatima hunyonyeshwa maziwa mbele ya wageni kwa saa moja tu, hadi saa sita. Nafasi huwekwa mapema, usiende kubahatisha. Alasiri nenda kituo cha twiga Lang'ata, mtoto amlishe twiga kwa mkono wake kutoka kwenye jukwaa lililoinuliwa hadi usawa wa kichwa cha mnyama. Vyote hivyo viko upande mmoja wa jiji, kwa hiyo foleni za katikati hukutani nazo. Kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa mtandao wa eCitizen, si taslimu mlangoni, na mwana-Afrika Mashariki hulipa pungufu kuliko mgeni wa mbali.

Mwenye watoto wa shule ya msingi, basi, achague Nairobi na asitafute zaidi. Akipata nusu siku ya ziada awapeleke Makumbusho ya Reli. Kuna behewa ambalo simba aliingia usiku mwaka 1900, pale stesheni ya Kima, akamburuta ofisa wa polisi wa reli aliyekuwa ndani akimvizia huyohuyo simba. Watoto hawatasahau.

Na mtu wa Arusha naye hana sababu ya kuiruka. Kutoka kwake hadi Nairobi ni saa tano au sita kwa gari dogo la abiria, mpaka ukiwemo. Kwake Nairobi ni safari ya wikendi, kwa hiyo hata yeye asiitie kwenye siku tisa. Aiweke akiba kwa sikukuu ya siku tatu.

Mambo mawili ya tarehe. Juni hadi Agosti Nairobi ni baridi kweli. Mji uko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na mtu wa Pwani akifika na fulana atanunua sweta siku hiyohiyo. Pia tazama habari kabla ya kukata tiketi ya Juni au Julai. Tangu maandamano ya 2024, tarehe 25 Juni na 7 Julai zimekuwa na uzito wake, na 7 Julai 2025 polisi walifunga barabara za kuingia katikati ya jiji. Ukiwa na siku mbili tu pale, moja ikipotea hivyo umekwisha.

Mombasa, kwa haraka

Kwa mtu wa Dar, Tanga au Unguja, Mombasa ni kama kwenda kwa shangazi: utakula vizuri, utaongea vizuri, hutashangaa. Kwa msomaji wa Kampala, Kigali au Eldoret hadithi ni nyingine kabisa, na kwake mimi ningebadilisha jibu lote: Nairobi na Mombasa, kwa treni. Reli ya SGR inafanya kazi tangu 2017, safari ni saa tano au sita, na inakatiza Tsavo, ambako tembo wamejipaka udongo mwekundu hadi wamebadilika rangi. Stesheni ya Nairobi iko nje ya mji, Syokimau. Fika saa moja kabla, kwa sababu mizigo yote hupangwa chini kwa mstari na mbwa wa polisi huinusa kabla hujaruhusiwa kupita. Ukifika kule, Fort Jesus ya Wareno wa miaka ya 1590 asubuhi, Mji wa Kale jioni, na viazi karai kwa ukwaju popote utakapovikuta.

Kampala na Kigali: hapa ndipo penye ulinganisho

Miji hii miwili iko juu ya vilima, inatenganishwa na siku moja ya basi, na haifanani kwa lolote.

Usafiri wa ndani unakuonyesha hilo dakika ya kwanza. Kampala bodaboda zinapita katikati ya magari, juu ya ukingo wa barabara, na mara nyingine kinyume cha barabara. Abiria wawili, watatu, na mbuzi. Kama moyo wako ni mwepesi, tumia programu ya simu kama SafeBoda: bei inajulikana mapema na kofia ngumu ipo. Kigali, dereva wa pikipiki anasimama, anakukabidhi kofia ya pili, anasubiri uifunge, ndipo anaondoka. Abiria ni mmoja tu. Mkiwa wawili, pikipiki mbili. Taa nyekundu inaheshimiwa hata usiku barabara ikiwa tupu, jambo ambalo kwa mtu wa Dar ni kivutio cha utalii peke yake. Na Rwanda magari yanakwenda upande wa kulia. Ukivuka barabara kwa mazoea ya nyumbani utatazama upande usio na gari.

Chakula: Kampala inashinda, na si kwa kidogo. Simama Wandegeya saa mbili usiku mbele ya mtu wa rolex. Anavunja mayai mawili kwenye kikombe cha plastiki, anatia kitunguu, nyanya na kabichi iliyokatwa nyembamba kama uzi, anapiga kwa uma, anamwaga kwenye chuma cha moto. Kabla yai halijakauka analaza chapati juu yake, anageuza yote kwa mkupuo mmoja, anaviringisha, anafunga kwa karatasi. Dakika tatu. Chips mayai ina ndugu yake hapa. Mchana tafuta luwombo, yaani kuku au nyama iliyopikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba, na matoke yaliyopondwa pembeni. Kigali wanachoma mishikaki ya mbuzi mizuri sana, wanaiita brochette, na isombe yao ni kisamvu ambacho hutakiona kigeni. Lakini baada ya siku mbili umeshamaliza menyu, na bili yake ni ndefu kuliko ya Kampala. Kwa kula na kulala, Kampala ni nafuu.

Vya kuona, sasa. Kampala anza na Msikiti wa Taifa pale Old Kampala, ambao wengi bado wanauita msikiti wa Gaddafi kwa kuwa Libya ndiyo iliyogharamia umaliziaji wake. Wageni wanaruhusiwa kwa kiingilio. Mwanamke asiye na mtandio na sketi ndefu huazimwa palepale. Panda ngazi za mnara hadi juu. Mwongozaji atakuonyesha kilima kwa kilima: Namirembe la Waanglikana, Rubaga la Wakatoliki, Mengo la Kabaka (mfalme wa Buganda), na mbali kule hekalu la Wabahai. Historia yote ya nani alifika lini Buganda na akapewa kilima gani iko mbele yako, na baada ya hapo huwezi kupotea mjini. Ndiyo maana nasema uanze hapo, si umalizie hapo.

Kisha Kasubi, makaburi ya makabaka wanne, kuanzia Mutesa I hadi Mutesa II. Nyumba kuu ya nyasi iliungua Machi 2010, ikajengwa upya kwa miaka mingi, na UNESCO ikaiondoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023. Vua viatu, kaa chini, sikiliza. Jumapili jioni uwe Ndere Centre, Ntinda, kwa ngoma za makabila ya Uganda. Ni onyesho la saa kadhaa linalochekesha, na wenyeji huja na familia zao.

Kigali haina mlolongo huo. Ina jambo moja zito, na mengine ni ya kupumua baada yake. Kumbukumbu ya mauaji ya kimbari pale Gisozi ilifunguliwa 2004, na zaidi ya watu 250,000 wamezikwa kwenye viwanja vyake. Kuingia ni bure. Chumba cha watoto kiko juu: picha kubwa, jina, chakula alichokipenda, rafiki yake mkubwa, na mstari wa mwisho unaosema alivyouawa. Usiwapeleke watoto wadogo. Na usipange jambo lingine kubwa mchana ule. Watu huweka Gisozi asubuhi na soko la Kimironko saa sita, halafu wanashangaa kwa nini hakuna aliyenunua kitu.

Jioni ya siku hiyo ningekupeleka Nyamirambo. Ni mtaa wa Waislamu wa Kigali, wa zamani, wenye vibanda vya chai ya maziwa, vinyozi, na Kiswahili mlangoni. Rwanda iliitangaza lugha yetu kuwa moja ya lugha rasmi mwaka 2017, lakini kwenye maofisi na mahoteli utajibiwa Kinyarwanda, Kiingereza au Kifaransa. Nyamirambo ndiko utakakosalimiwa "habari za leo" bila kuuliza. Kampala nayo usidanganyike. Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, ila mtaani ni Luganda na Kiingereza. Mzee wa makamo anaweza hata kukuangalia kwa jicho la pembeni, maana kwa miaka mingi Kiswahili pale kilikuwa lugha ya askari. Salamu kwa "ssebo" kwa mwanamume na "nnyabo" kwa mwanamke inafungua milango zaidi.

Usiku, Kampala haina mpinzani Afrika Mashariki, na Nairobi wakinuna wanune. Kabalagala hailali. Kigali inalala, au walau inazima muziki mapema. Mwanamke anayesafiri peke yake, hata hivyo, atatembea Kigali saa tatu usiku barabara zenye taa bila kubana mkoba kwapani, na hilo kwa wengi linazidi klabu kumi.

Kwa nini Kampala iwe ya kwanza

Kampala inachosha, Kigali inapumzisha. Ukigeuza, utarudi kazini Jumatatu ukiwa umechoka kuliko ulivyoondoka.

Ratiba yangu kwa mtu wa Dar ingekuwa hivi. Jumamosi, ndege hadi Entebbe. Uwanja uko kama kilomita 40 kutoka Kampala, kwa hiyo ukifika jioni lala Entebbe palepale, na Jumapili asubuhi tembea bustani ya mimea iliyo kando ya ziwa kabla ya kuingia mjini na kwenda Ndere. Jumatatu ni ya msikiti na Kasubi. Jumanne nenda Jinja, kilomita 80 mashariki, ukaone Nile inapoanza safari yake kutoka Ziwa Victoria. Ondoka alfajiri, maana foleni ya Mukono haina huruma. Jumatano usipange kitu: soko la Owino kwa wanaopenda kupekua mitumba, Kabalagala kwa wasiolala. Ila basi la Alhamisi ni la alfajiri, ukumbuke.

Basi lipande la mchana, hata kama la usiku linakuokolea hela ya gesti. Barabara ya kusini inavuka Ikweta pale Kayabwe (basi halisimami, usimwombe dereva), na kuanzia Kabale milima imelimwa matuta hadi kileleni. Hiyo ni nusu ya utalii wenyewe. Ukivuka mpaka wa Katuna, rudisha saa nyuma: saa tatu ya Kampala ni saa mbili ya Kigali. Ijumaa ni Gisozi na Nyamirambo. Jumamosi ni Kimironko kwa vitambaa na vikapu, na bustani ya Nyandungu kwa wanaotaka kutembea kwenye kijani. Jumapili, ndege ya Dar.

Kama Jumamosi hiyo ni ya mwisho wa mwezi, jua kuwa ni Umuganda: saa mbili hadi saa tano asubuhi nchi nzima iko kwenye kazi za jamii, maduka yamefungwa na usafiri umesimama kwa sehemu kubwa. Si vibaya kuona, ila usipange ndege asubuhi hiyo bila kuongea na hoteli kuhusu gari. Wiki inayoanza 7 Aprili ni ya maombolezo, burudani husimama. Kwa Kampala, tarehe ya kuikwepa ni 3 Juni, siku ya Mashahidi wa Uganda, mahujaji wanapojaa Namugongo na vyumba kupanda bei. Labda kama wewe mwenyewe ni hujaji.

Ukianzia kwingine

Mtu wa Mwanza au Bukoba ana bahati asiyoijua: hahitaji ndege. Kutoka Bukoba hadi mpaka wa Mutukula ni mwendo mfupi, na Kampala unafika siku hiyohiyo. Kurudi, Kigali hadi Rusumo ni kama kilomita 160, unayaona maporomoko ya Kagera chini ya daraja, kisha Nyakanazi, Geita, na tangu Juni 2025 unavuka Kigongo–Busisi kwa daraja badala ya kusubiri kivuko. Ni mzunguko karibu kamili, na kwa sehemu kubwa hupiti njia moja mara mbili.

Mtu wa Kigoma ataniuliza kuhusu Bujumbura. Ufuo wa Tanganyika jioni, mukeke wa kuchoma, Kiswahili cha Buyenzi: vyote ni vizuri, na kwake ni jirani kupitia Manyovu. Lakini usiiunganishe na Kigali. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, na uhaba wa mafuta umefanya hata safari fupi za ndani kuwa za kubahatisha. Iwe safari yake peke yake.

Makaratasi

Wakenya, Waganda na Wanyarwanda huvukiana kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Mtanzania hayumo, kwake ni pasipoti, au hati ya dharura ya kusafiria kutoka Uhamiaji. Ndugu aliyeko ughaibuni mwenye pasipoti ya kigeni aangalie viza ya pamoja ya utalii ya Kenya, Uganda na Rwanda: dola 100, siku 90, kuingia na kutoka ndani ya nchi hizo tatu. Tanzania haimo, kwa hiyo akiongeza Zanzibar katikati ya safari anajitafutia gharama ya pili.

Kadi ya njano, yaani ya chanjo ya homa ya manjano, ni ya kila mtu. Uganda wanaiomba ukiingia, na nyumbani wanaweza kukuomba ukirudi. Chanjo huanza kuhesabika siku kumi baada ya kuchomwa, kwa hiyo usingoje wiki ya safari. Kwa upande wa pili, tangu 2016 ni ya maisha, na kadi yako ya zamani bado inafanya kazi hata kama imeandikwa miaka kumi.

Dola chache mfukoni zinasaidia, mradi ziwe noti mpya ambazo hazijachanika. Shilingi za Tanzania hazina soko Kigali. Na mifuko ya plastiki iishie Kampala. Rwanda waliipiga marufuku mwaka 2008, na pale Gatuna, upande wa Rwanda wa mpaka wa Katuna, mizigo inashushwa na kupekuliwa, kwa hiyo viatu uvifunge kwa gazeti au kitambaa usiku wa kuamkia safari.